Monita haijaharibika: jinsi kompyuta, kebo na skrini zinavyoshindwa kuelewana

Nikiitwa kuangalia monita "mbovu", mara nyingi nakuta monita nzima. Ya mwisho ilikuwa ya inchi 27, mpya, hata ile nailoni ya pembeni haijabanduliwa. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kuirudisha kwenye boksi. Lalamiko lake lilikuwa moja lenye pande mbili: herufi zina ukungu, na nembo ya duara anayoichora kazini imekuwa yai. Nilibadilisha kebo, nikagusa sehemu moja ya mipangilio, yai likarudi kuwa duara. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alionekana kama mtu aliyechezewa, na namwelewa: ukinunua kitu kikubwa hivyo unategemea uchomeke, kiwake, kipendeze, yaishe.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuifikiria picha kana kwamba imo ndani ya monita, kama mwanga ulivyo ndani ya balbu. Kumbe picha ni mapatano ya pande nne. Kompyuta ina kiasi inachoweza kutoa, tundu unalochomekea lina kiasi linachoweza kupitisha, kebo ina chake, na monita ina inachoweza kupokea. Zikipatana, hutajua hata kwamba kulikuwa na mazungumzo. Upande mmoja ukiwa dhaifu, zote zinashuka hadi hapo. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba penyewe huwa si pale unapopakodolea macho.

Maneno manne kwanza

Pikseli ni nukta moja ya mwanga. Ichukulie skrini kama fremu iliyoshonwa shanga, safu juu ya safu. Kila shanga ina mahali pake. Haisogei wala haipanuki, inabadilika rangi tu.

Rezolusheni ni hesabu ya shanga hizo, ngapi kwa upana na ngapi kwa kimo. Full HD ni 1920 × 1080, yaani nukta 2,073,600. Ile ya 4K kwenye monita ni 3840 × 2160, nukta 8,294,400. Hizo ni mara nne kamili ya Full HD, ingawa ukitazama namba za pembeni unaona zimekuwa mara mbili tu, na wengi huishia hapo.

Inchi ni habari nyingine kabisa. Ni urefu wa mshazari, kona hadi kona. Monita ya inchi 24 na televisheni ya inchi 55 zinaweza kuwa na idadi ileile ya nukta. Za televisheni zitakuwa nene zaidi, basi.

Hezi, inayoandikwa Hz, ni mara ngapi kwa sekunde picha inachorwa upya. Kwa 60 Hz kila mchoro unakaa takriban milisekunde 16.7 kabla ya kupisha mwingine. Kwa 144 Hz unakaa karibu milisekunde 7.

Shanga moja na nusu

Monita za zamani za mirija, zile nzito zenye kisogo, zilichora picha kwa mwali uliofagia kioo mstari kwa mstari. Ulipozipa 800 × 600 zilichora, ulipozipa 1024 × 768 zilichora pia, na macho hayakulalamika sana. Skrini bapa za leo hazina unyumbufu huo. Kila moja ina namba moja iliyozaliwa nayo, rezolusheni yake ya asili, na nyingine yoyote utakayoipa italazimika kutafsiriwa.

Chukua picha ya 1280 × 720 uitandaze kwenye skrini ya 1920 × 1080. Gawanya 1920 kwa 1280, unapata 1.5. Kila nukta ya picha inatakiwa ijaze shanga moja na nusu, na nusu shanga haipo. Monita inafanya linalowezekana: inachanganya rangi za majirani ili kuziba pengo. Kwenye picha ya mandhari hutagundua. Kwenye herufi nyembamba, ambayo mguu wake ni nukta moja nyeusi kando ya nyeupe, mchanganyiko huo unakuwa kijivu, na kijivu hicho ndicho ule ukungu. Watu hufuta kioo kwa kitambaa, wengine wanakwenda kupima macho. Kumbe ni hesabu isiyogawanyika.

Yai nalo lina hesabu yake. Kompyuta ilikuwa inatuma 1024 × 768, picha ya uwiano wa 4 kwa 3, na monita ya uwiano wa 16 kwa 9 ikaivuta ijae kioo chote. Kila kitu kikanenepa kwa upana: nembo, nyuso, hata saa ya kwenye kona.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni nyepesi. Nenda kwenye mipangilio ya skrini, chagua rezolusheni ya asili. Kwenye Windows imeandikwa pembeni kwamba ndiyo inayopendekezwa. Ukiikuta haimo kabisa kwenye orodha, usianze kuilaumu monita, tutafika huko.

"Lakini maandishi yanakuwa madogo!"

Hapa ndipo kwenye kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Mtu anaweka rezolusheni ya asili, anaona herufi zimekuwa kama sisimizi, anairudisha chini. Sasa herufi ni kubwa, ila zina ukungu, na anaamini kuwa huo ndio ubora wa monita yake. Anaishi nayo hivyo miaka.

Kuna vidhibiti viwili, naye anazungusha kisichohusika. Rezolusheni inasema shanga ngapi zitumike. Ukuzaji, ile namba ya asilimia 100, 125, 150 na kuendelea, unasema herufi moja ishonwe kwa shanga ngapi. Ukipandisha ukuzaji huku rezolusheni ikibaki ya asili, herufi inakuwa kubwa na wakati huohuo inapata nukta nyingi zaidi za kuchorea mikunjo yake. Ukishusha rezolusheni, herufi inakuwa kubwa kwa kuvutwa, kama maandishi ya kwenye puto lililojazwa upepo.

Kwa nini herufi zinakuwa ndogo tangu mwanzo? Windows kwa asili inahesabu kana kwamba kila inchi ya skrini ina nukta 96. Monita ya inchi 24 ya Full HD ina takriban 92, kwa hiyo asilimia 100 inaikaa vizuri. Ya inchi 27 ya 4K ina kama 163. Kitu kilichokusudiwa kujaza inchi moja kinajaza karibu asilimia 60 ya inchi. Weka ukuzaji kwenye 150 na dunia inarudi sawa. Hujapoteza chochote cha 4K yako kwa kufanya hivyo, ingawa wapo wanaosema ukikuza ni sawa na kuwa na monita ndogo. Nafasi ya madirisha itapungua, ni kweli; ukali wa herufi ndio unaoupata badala yake, na kwa mtu anayesoma na kuandika kutwa, mimi nauchagua huo.

Kinyume chake kipo pia. Inchi 27 za Full HD zina takriban nukta 82 tu kwa inchi. Ukikaa karibu utaona ngazi kwenye herufi zenye mikunjo, na hakuna mpangilio wa kuziondoa. Kwa kutazama filamu ukiwa umeegemea haina neno. Kwa kazi ya maandishi, kwa ukubwa huo, ningetafuta ya 2560 × 1440, ambayo ina kama nukta 109.

Jambo moja linaloudhi: programu za zamani hazijui habari ya ukuzaji. Windows ikikutana nazo huzichora ndogo kisha kuzivuta, kwa hiyo programu moja inaonekana na ukungu katikati ya nyingine zilizo safi. Ukiona ukungu uko kwenye dirisha moja tu, tatizo ni la programu hiyo. Tafuta toleo lake jipya.

Utambulisho wa baiti 128

Je, kompyuta inajuaje rezolusheni ya asili ya monita ambayo haijawahi kuiona? Inaambiwa. Ukichomeka kebo, kabla picha yoyote haijapita, kompyuta inaomba kitambulisho na monita inampa. Kitambulisho hicho kinaitwa EDID. Kiliwekwa mwaka 1994 na VESA, chombo cha kimataifa kinachopanga viwango vya skrini, na sehemu yake ya msingi ina baiti 128 tu (baiti moja ni kama herufi moja), fupi kuliko sentensi hii. Ndani yake yamo mtengenezaji, mwaka wa kutengenezwa, upana na kimo kwa sentimita, rezolusheni na hezi ambazo monita inazikubali.

Orodha ya rezolusheni unayoiona kwenye mipangilio inatokana na kitambulisho hicho, ikichujwa na kile ambacho kadi ya picha (sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha) na kebo vinakiweza. Ndiyo maana kompyuta ileile inatoa orodha mbili tofauti kwenye monita mbili.

Sasa, kitambulisho kisipofika? Kompyuta haijui inazungumza na nani, kwa hiyo inajichunga. Inatuma kitu ambacho karibu kila skrini inakiweza, mara nyingi 1024 × 768 au hata 640 × 480, na orodha inakuwa fupi. Hilo ndilo lililompata yule wa yai. Alikuwa ametumia kebo ya VGA, aina ya zamani ya kebo ya picha, aliyoitoa kwenye droo, na mojawapo ya pini zinazobeba utambulisho ilikuwa imevunjika. Picha inapita, jina halipiti. VGA yenyewe ilitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, na bado inafanya kazi. Lakini inabeba picha kwa mawimbi ya analojia, na kila mita ya kebo mbaya inayachafua. Monita ikiwa na tundu la HDMI au DisplayPort, aina za dijitali zinazobeba picha kwa namba, sioni sababu ya kuigusa VGA. Vifaa vya kugawa au kubadilisha skrini navyo vina tabia ya kumeza kitambulisho njiani. Kabla ya kulaumu kingine, viondoe na uchomeke moja kwa moja.

Mapatano huvunjika upande wa pili pia. Mchezo au draiva (programu inayoendesha kadi ya picha) inaweza kulazimisha itumwe picha ambayo monita haiiwezi. Skrini inakuwa nyeusi na kuandika "Out of Range" au maneno ya aina hiyo, yaani nimeletewa kitu nje ya uwezo wangu. Watu hushtuka na kuchomoa umeme wakidhani imeungua. Hofu hiyo ina asili: baadhi ya monita za mirija kweli ziliweza kudhurika kwa kulishwa masafa yasiyo yake. Ya leo inakataa tu. Kama ni wewe uliyebadilisha mipangilio ya Windows, ondoa mkono kwenye kibodi na uhesabu hadi 15 polepole. Usipothibitisha, inarudi yenyewe ilikokuwa.

"No Signal" ni ujumbe tofauti, nao unasema hakuna kilichofika. Kwanza angalia kwenye menyu ya monita kama inasikiliza tundu lilelile ulilochomekea, maana monita yenye HDMI mbili inaweza kuwa imesimama kwenye ile tupu. Pili, kama ni kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya peke yake, tazama nyuma. Kuna matundu ya picha yaliyo pamoja na ya USB na ya sauti, ambayo ni ya ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na kuna mengine yamejipanga peke yao pembeni, ambayo ni ya kadi. Kebo inakwenda kwenye kadi. Nimeona mtu aliyecheza miezi kadhaa akilalamikia kadi ya bei kubwa ambayo haikuwahi kuunganishwa na monita.

Bomba lina upana wake

Turudi kwenye hesabu, mara hii ya kebo. Rangi ya nukta moja kwa kawaida huandikwa kwa biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 au 1. Zidisha nukta 8,294,400 kwa 24, kisha kwa 60 za kila sekunde: unapata karibu biti bilioni 12 kwa sekunde, hapo hujaongeza nafasi za mapumziko kati ya mchoro na mchoro ambazo nazo zinapita humohumo.

HDMI 1.4, ya mwaka 2009, inabeba bilioni 10.2, na sehemu ya tano ya hizo ni gharama ya usafirishaji. Bilioni 12 haziingii. Kompyuta haitangazi kushindwa. Inapunguza hezi hadi 30 na kunyamaza. Picha inatoka, 4K kamili, ila kishale cha panya kinaburuza kama kimefungwa jiwe. Huyu mwenye 4K ya 30 Hz ndiye mteja wa pili ninayemwona sana, na huwa ameshaambiwa aongeze RAM. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 inabeba bilioni 18, ikapokea 4K ya 60 Hz kwa kubanana. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 inafika bilioni 48. DisplayPort iliwahi: toleo la 1.2 la mwaka 2010 lilishaiweza 4K ya 60 Hz, ndiyo maana kwenye kompyuta za umri huo napendelea tundu hilo kuliko HDMI iliyo kando yake.

Kumbuka pande nne. Kebo mpya kwenye tundu la zamani haiongezi kitu, na tundu jipya kwa kebo ya zamani litakupa picha inayokatika, vinukta vinavyometameta, au skrini inayozima kwa sekunde mbili na kurudi. Hizo ni dalili za kebo iliyozidiwa. Kebo ya dijitali haipunguzi rangi wala ukali kidogo kidogo: data inafika au haifiki. Kwa hiyo ile hadithi ya pini za dhahabu kuleta rangi zilizokolea iache. Dhahabu inazuia kutu, hilo tu. Kinachofaa kusomwa kwenye pakiti ni daraja lililochapishwa: "Premium High Speed" kwa 4K ya 60 Hz, "Ultra High Speed" kwa kiwango cha HDMI 2.1.

Adapta ni mtego mwingine, kwa sababu umbo linadanganya. Matundu mengi ya DisplayPort ya kompyuta yanaweza kusema lugha ya HDMI, hivyo kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita ya HDMI adapta ndogo ya kawaida inatosha. Geuza upande, kompyuta yenye HDMI kwenda monita ya DisplayPort, na adapta ileile haifanyi kitu. Hapo inahitajika yenye kifaa cha kutafsiri ndani yake, na kwa kawaida inataka umeme wa USB. Vivyo hivyo kati ya VGA na HDMI: moja ni analojia, nyingine dijitali, na waya mtupu hautafsiri.

USB-C imezidisha mkanganyiko. Ni umbo la tundu, si ahadi ya kazi. Kompyuta mbili zinaweza kuwa na tundu lilelile, moja likatoa picha na jingine likachaji tu. Tafuta alama ya DisplayPort au ya Thunderbolt karibu na tundu, au soma maelezo ya kompyuta yenyewe. Hata linalotoa picha hugawana njia zake na data: vituo vingi vya USB-C (vile vifaa vya kuongeza matundu) vinavyobeba USB ya kasi na picha kwa pamoja vinaishia 4K ya 30 Hz, na tunarudi kwa kishale kilichofungwa jiwe.

Hezi ulizolipia

Hili nitalipitia haraka. Umenunua monita ya 144 Hz na huoni tofauti? Fungua mipangilio ya juu ya skrini uangalie namba. Mara nyingi utakuta 60, kwa sababu hakuna aliyeibadilisha. Pandisha. Isipokuwepo kwenye orodha, jaribu tundu jingine, hasa DisplayPort.

Kuhusu ushauri wa kupandisha hezi ili kulinda macho, huo ni urithi wa monita za mirija, ambazo kwa 60 Hz picha yake ilipepesa waziwazi. Skrini bapa inashikilia mwanga wake kati ya mchoro na mchoro. Hezi nyingi zinalainisha mwendo, na ni raha kuutazama, lakini filamu iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde itabaki na 24 zake.

Televisheni ikigeuzwa monita

Inawezekana, ila televisheni huja na tabia zake. Nyingi hukata kingo za picha, desturi iliyobaki tangu enzi za mirija, hivyo upau wa chini wa Windows unapotea nusu. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha chaguo la "Just Scan", "1:1" au jina la namna hiyo. Kama weusi umekuwa kijivu, pande mbili zimehitilafiana juu ya kipimo cha rangi: moja inahesabu weusi kuanzia 0 hadi weupe 255, nyingine kuanzia 16 hadi 235. Zilinganishe kwenye mipangilio ya kadi ya picha. Herufi nyekundu zikiwa na ukungu wa rangi, ingia kwenye menyu ya televisheni, ulipe tundu ulilochomekea jina la PC au uwashe hali ya kompyuta. Televisheni nyingi huacha kubana rangi hapo.

Na kama baada ya yote bado unashuku kwamba skrini yenyewe imeharibika, kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Bonyeza kitufe cha monita ufungue menyu yake, ile yenye mwangaza na rangi. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta. Monita inaichora yenyewe. Menyu ikiwa safi na kali huku picha ya nyuma yake ina ukungu, inakatika au imebadilika rangi, kioo ni kizima na unachokitafuta kiko kwenye kebo, tundu au mipangilio. Lakini kukiwa na kasoro, tuseme mstari wa kijani, nayo ikapita hadi juu ya menyu, sasa irudishe dukani.